Staa Kamcheka Mama wa Watu kwa Hedfoni za Waya, Kumbe Yeye Ndiye Hasikii Kitu

Haya wadau, klipu mmeiona. Kama hujaiona basi wewe ndiye mtu pekee mjini ambaye bando lako ni la kupiga simu tu.

Kwa aliyepitwa: staa wetu mmoja wa Bongo Fleva, jina tunalo ila leo tunalisitiri, yuko ndani ya ndege anaelekea Uarabuni. Kajirekodi kama kawaida yake. Saa, cheni, viatu, juisi kwenye glasi. Halafu kamera ikageuka kwenye siti za upande wa pili wa njia. Pale kakaa mama mmoja wa makamo, kajitanda mtandio, anafungua pochi yake taratibu, anatoa hedfoni za waya, zile nyeupe za kuchomeka masikioni, kazifunga na rababendi. Anazikunjua, anapapasa kwenye mkono wa siti kutafuta tundu. Staa anacheka mpaka simu inatikisika. Eti dunia imefika huku, watu bado wanapanda ndege na waya za buku mbili. Chini yake wimbo mpya unapigwa, maana hata kumcheka mtu ni promo.

Komenti ndiyo balaa. Mshamba. Bi mkubwa katoka nazo kwa mjukuu. Nani kampandisha huyu ndege. Na vile vikatuni vya kucheka kwa machozi, mamia.

Mimi niliicheka pia mara ya kwanza, nisiwadanganye. Mara ya pili nikaiangalia vizuri. Naomba na nyie mkairudie, sekunde za mwisho pale. Staa kavaa hedfoni kubwa za Bluetooth, zile za bei ya pikipiki iliyotumika. Skrini iliyo mbele yake inaonyesha sinema, watu wanapigana, midomo inachezacheza, maandishi ya chini hakuna. Mkono wa siti yake tundu liko wazi, halijachomekwa kitu. Huku upande wa pili mama wa watu kashapata tundu lake, kachomeka, kaegemea, anatabasamu na skrini yake.

Sasa niambieni, kati ya hao wawili ni nani aliyekuwa anasikia sinema?

Mtaniambia labda alikuwa anasikiliza nyimbo kwenye simu yake. Sawa, inawezekana, na nyingi zitakuwa zake mwenyewe. Inawezekana pia skrini ile ilikuwa na Bluetooth. Lakini mimi nimeshakaa kwenye siti kama ile, na nimeshakuwa huyo jamaa mwenye hedfoni kali na skrini bubu, ndiyo maana sinyamazi.

Ngoja tuseme kitu ambacho wengi tunaona noma kuuliza. Ndege nyingi zinazotutoa hapa kwenda Dubai, Doha, Istanbul au Guangzhou zina skrini nyuma ya siti, na mara nyingi sauti ya skrini hiyo inatoka kwenye tundu. Tundu la milimita 3.5, lile lile lililokuwa kwenye redio ya babu na karibu kila simu kabla ya mwaka 2016, Apple walipoleta iPhone 7 bila tundu na wengine wakafuata mmoja mmoja. Baadhi ya ndege mpya siti zake zimeanza kuwa na Bluetooth, hilo kweli. Ukikaa kwenye siti ya hivyo utaiona alama yake kwenye skrini na unaunganisha kama unavyounganisha na simu. Lakini ndege si simu ya kubadilisha kila Desemba. Ndege moja inaruka miaka ishirini na zaidi, na chochote kinachofungwa kwenye siti lazima kwanza kipite kwa watu wa usalama wa anga. Kwa hiyo unaweza kununua hedfoni mpya kabisa leo asubuhi, jioni ukakalishwa mbele ya skrini ambayo haizijui wala hazina pa kuzungumza nayo.

Na hapa ndipo ninapocheka kweli. Simu za bei mbaya ndizo zilizotangulia kutolewa tundu. Simu nyingi za bei ya kawaida pale Kariakoo, Tecno, itel, Infinix, ziliendelea kuwa nalo. Maana yake mwenye simu ya laki mbili ana waya kwenye pochi, na mwenye simu ya milioni tatu hana. Wakikutana kwenye ndege, yule tunayemwita mshamba ndiye aliyejiandaa.

Nina kesi yangu binafsi hapa. Si kesi ya kujivunia.

Miaka kadhaa nyuma nilimsindikiza mama yangu India kwa matibabu. Ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kupanda ndege. Mama yangu ana redio ndogo na hedfoni za waya, na hizo hedfoni ni kama kiungo cha mwili wake. Analala nazo, anapika nazo, ukimwita mara tatu ujue anasikiliza. Usiku wa kufunga mabegi nikaona kaziweka kwenye pochi, pembeni ya pasipoti na vyeti vya hospitali. Nikazitoa. Nikamwambia, "Mama, hizi acha, kwenye ndege wanagawa, utatuaibisha bure." Nakumbuka neno nililotumia, kutuaibisha. Hakubisha. Akasema haya baba, wewe ndiye unayejua mambo ya huko.

Sikujua chochote. Na mimi nilikuwa nimepanda ndege mara moja tu.

Ndani kweli wakagawa, hedfoni kwenye mfuko wa plastiki. Za mama upande mmoja ulikuwa umekufa na ule mzima unakwaruza kama redio iliyokosa mitabendi. Nikabonyeza kitufe cha kumwita mhudumu. Akaja dada wa watu, mpole, akasema ameelewa, akaenda kutafuta, akarudi na jibu kwamba zimeisha, ndege imejaa. Nikasema poa, nina zangu. Nikatoa zangu za Bluetooth kwa mbwembwe. Nikatafuta kwenye skrini pa kuunganisha, nikatafuta, nikatafuta. Hakuna. Za kwangu nilizogawiwa nikampa yeye, basi pini yake ikawa haishiki vizuri kwenye tundu la siti yake. Ukiishikilia kwa mkono sauti ipo, ukiachia inakatika.

Mama akaishikilia kwa mkono kama dakika kumi. Halafu akasema, "Acha tu mwanangu, wasije wakatuona wasumbufu."

Zaidi ya saa tano. Mtu anayekwenda kufanyiwa upasuaji, ndege inatikisika usiku, anaogopa na hataki kusema anaogopa, na mbele yake skrini inaonyesha filamu ya Kihindi, mambo anayoyapenda kuliko kitu chochote duniani, bila sauti. Aliiangalia hivyo hivyo mpaka mwisho. Na zile hedfoni zake nilizozionea aibu zilikuwa juu ya kabati Mbagala. Usiniambie hilo ni jambo dogo. Kwenye ndege huna pa kwenda, huna wa kupiga naye stori, huna barabara ya kuangalia. Sauti masikioni ndiyo chumba pekee unachokuwa nacho.

Siku ya kuruhusiwa hospitali, kabla hata ya kuuliza dawa, kanituma duka la jirani nikamnunulie hedfoni za waya. Kurudi nyumbani akachomeka mwenyewe. Alicheka kwa sauti mpaka abiria wa mbele wakageuka, maana mtu mwenye hedfoni hajui sauti yake imefika wapi. Sikumwambia apunguze.

Ndiyo maana klipu ya staa imenikaa kooni. Nilichomfanyia mama yangu chumbani, yeye kakifanya mbele ya maelfu ya watu.

Sasa kuna kitu kingine ambacho nadhani staa hajui, na kikimfikia kitamuuma kidogo. Hizo hedfoni kubwa zinazokata kelele, zinazovaliwa uwanja wa ndege kama taji, unajua zilianzia wapi? Kwenye siti ya ndege. Mwaka 1978, Amar Bose, profesa wa chuo cha MIT na mwenye kampuni ya spika inayobeba jina lake, alikuwa anarudi Marekani kutoka Ulaya. Akavaa hedfoni alizopewa ndani ya ndege ili asikilize muziki. Kelele za injini zikaumeza muziki wote. Badala ya kulalamika kama sisi, akatoa karatasi akaanza kupiga hesabu hapo hapo angani: je, ukiweka kipaza sauti kinachosikia kelele, halafu ukapiga sauti iliyo kinyume chake, si zitauana? Kazi ile ilichukua miaka. Hedfoni za abiria wa kawaida za QuietComfort kampuni yake ilizitoa mwaka 2000. Yaani hilo taji lako, kaka, lilizaliwa kwa mtu kuchomeka waya kwenye siti.

Na kabla ya hapo hali ilikuwa mbaya zaidi. Miaka ya 60, mashirika ya Marekani yalipoanza kuonyesha sinema angani, hedfoni hazikuwa hata na umeme. Zilikuwa mirija mitupu, kama kile kifaa anachokuwekea daktari kifuani. Spika ilikuwa ndani ya mkono wa siti, sauti inapanda kwenye mpira mpaka masikioni. Matajiri wa enzi hizo, wamevaa suti, wana mirija masikioni. Hakuna aliyemrekodi mwenzake.

Turudi kwa mama wa kwenye klipu, maana alifanya kitu kimoja sahihi ambacho wengi mnakosea. Alitafuta tundu la hedfoni, hakuchomeka kwenye tundu la chaja. Nimeona watu wazima, wasomi, wananunua kile kiwaya kifupi cha USB-C, wanakichomeka kwenye USB ya siti na kusubiri sauti. Mara nyingi USB ya siti ni ya kuchaji, ndugu yangu, utasubiri mpaka mtue. Kile kiwaya kimetengenezwa kwa ajili ya simu.

Kosa jingine ni la matundu mawili. Kuna siti, hasa za ndege za zamani, zina matundu mawili madogo yamekaa pamoja. Ukichomeka hedfoni yako ya kawaida kwenye moja unapata sikio moja tu, kushoto au kulia, na unaanza kudhani umeuziwa feki. Hedfoni haina kosa. Kila tundu linabeba sauti ya upande mmoja. Kuna kiadapta cha pini mbili, kidogo kama kipande cha chaki, kinatatua hilo. Kinauzwa bei ya chipsi yai, na wakati mwingine kinakuja bure ndani ya boksi la hedfoni, watu wanakitupa kwa kutojua ni cha nini. Mimi nilikitupa.

Na kama tundu ni moja lakini bado unasikia upande mmoja, vuta pini nje kidogo sana, au izungushe. Matundu yale yamechomekwa na maelfu ya watu kabla yako, yamechoka. Hiyo ndiyo siri ya dakika kumi za mama yangu. Halafu punguza sauti kwanza ndipo uvae. Aliyekaa kabla yako huenda aliacha juu kabisa, na tangazo la rubani likiingia ghafla utaruka na mkanda wako.

Wapo wanaotumia kile kidude cha kurusha Bluetooth. Unakichomeka kwenye tundu la siti, kinaongea na hedfoni zako zisizo na waya. Kinafanya kazi, sina ugomvi nacho. Ila kinataka chaji, kinataka kuunganishwa, na ukikisahau kwenye siti umekiaga. Kwa bei ya kimoja unanunua hedfoni za waya za ukoo mzima.

Najua kuna mdau atasema haya yote ya nini, pakua filamu zako kwenye simu, vaa vyako, maliza safari. Hoja nzuri na mimi nafanya hivyo siku hizi. Lakini hiyo inafaa kwa mwenye simu yenye nafasi, mwenye bando la kupakua, na anayejua kupakua. Mama yangu hapakui kitu. Wanaokwenda Guangzhou kufunga mzigo wanapanda wamechoka, simu ina asilimia 12. Skrini ile mbele yao imeshalipiwa ndani ya tiketi. Nani kawaambia waiangalie bubu kwa sababu staa kasema waya ni ushamba?

Tena aibu hii ina madhara yake. Mtu akiogopa kuonekana na waya anafanya nini? Anafungua TikTok kwa spika, ndege nzima tunasikia. Tulishavumilia kwenye mabasi ya Mwanza, sinema ya kutafsiriwa imefunguliwa mwisho kutoka Ubungo mpaka Dodoma, na kule angalau wote tunaangalia filamu moja. Kwenye ndege kila mtu na yake. Nikiwekewa mezani waya wa buku mbili na spika ya mtu asiye na aibu, waya ndio ustaarabu, sibishani na mtu.

Kuhusu kumrekodi yule mama bila ruhusa sina maneno mengi. Uso wake unaonekana wazi. Ana watoto, ana wakwe, ana watu wa kikundi chake cha kuweka na kukopa, na wote wana simu. Hatujui anakwenda wapi. Anaweza kuwa anakwenda kumuona mwanaye anayefanya kazi kule, anaweza kuwa anakwenda hospitali na vyeti viko kwenye pochi ile ile. Staa ana timu ya kumpigia simu usiku na kumwambia futa. Yule mama hana. Na klipu mpaka naandika hapa bado ipo, imewekwa juu kabisa ya ukurasa.

Mashabiki wake najua mnakuja, mtasema nina wivu, sijawahi kukaa siti za mbele. Kweli sijawahi. Ila nasikia hata huko mbele kuna tundu.

Kaka, wewe nina ombi moja dogo kwako. Hedfoni kubwa za aina yako nyingi zinakuja na waya ndani ya kile kikoba chake kigumu, umekunjwa kwenye kimfuko cha pembeni. Unachomeka ncha moja kwenye hedfoni, nyingine kwenye siti, na kelele zinaendelea kukatwa kama kawaida. Kifungue uangalie. Nadhani bado umefungwa na plastiki yake.